Basoni Darasani kwa Shangazi

Mama alipoteleza kwenye ngazi za jikoni na kuvunjika nyonga, ndugu zangu wote walikuwa na sababu nzuri za kubaki walipokuwa. Huyu alikuwa na duka, yule na watoto wachanga, mwingine alikuwa mbali mno hata kwa ndege. Mimi sikuwa na duka wala mtoto. Nilipanda ndege Kinshasa, nikateremka Bunia nikiwa na mkoba wa nguo na sanduku jeusi ambalo sikumruhusu mtu yeyote kulibeba. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na basoni yangu.

Watu wengi hawaijui basoni, na siwalaumu. Ni ala ya kupulizwa, imetengenezwa kwa mti mwekundu uliong'arishwa, na imejaa vifunguo vya madini kama mkono wa bibi harusi uliojaa bangili. Bomba lake ni refu kuliko mtu mzima, kwa hiyo wale walioibuni zamani walilikunja: pumzi inashuka hadi chini, inageuka, kisha inapanda tena na kutokea juu ya kichwa cha mpigaji. Sauti yake ni nzito. Katika okestra hukaa katikati, nyuma ya filimbi, na wasikilizaji wengi huisikia maisha yao yote bila kujua kwamba wanaisikia.

Sikuichagua. Nilipoanza masomo ya muziki Kinshasa, wasichana wenzangu walikimbilia vinanda vya nyuzi na filimbi za fedha, nami nikafika nimechelewa, nikakuta imebaki hiyo peke yake, imeegemezwa ukutani kama fimbo ya mtu aliyesahau kuondoka nayo. Mwalimu wetu, mzee mwenye kikohozi, aliishika mikono yangu akaigeuzageuza, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Bunia, akatabasamu.

“Hii ni mikono ya kukamua ng'ombe,” akasema. “Itatosha.”

Wiki nzima ilinitolea milio ya aibu tu. Halafu siku moja, bila mimi kujua nilichokifanya tofauti, ikatoa noti moja ndefu, na ile noti ikapita mifupani mwangu kabla haijafika masikioni. Nilikaa chini. Hata leo, asubuhi ninapounganisha vipande vyake na kupuliza noti ya kwanza, kuna kitu kinasimama kifuani mwangu, na huwa nasubiri kitulie kwanza ndipo niendelee.

Basi nilikuwa nyumbani, mtaa wa Mudzipela, nikimwogesha mama, nikimpikia, nikimgeuza kitandani. Alipolala mchana nilitoka nyuma ya nyumba na kufanya mazoezi karibu na ukuta wa jiko. Majirani waliinua vichwa juu ya ua. Mbwa wa jirani alilia pamoja nami kwa siku chache, kisha akazoea. Mama, aliyekuwa akijifanya amelala, aliniita siku ya kwanza kupitia dirishani.

“Ile ng'ombe yako inatafuta ndama wake ao inaumwa tumbo?”

“Inaimba, mama.”

“Aa. Basi iimbe. Mi najua sauti ya ng'ombe, hainisumbue.”

Shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba, alikuwa akija kila jioni na maziwa au fungu la mboga za lengalenga. Anafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi isiyo mbali na kwetu, na ana tabia ya walimu wote wa zamani: akiona kitu chochote kipya, awe amekiona sokoni au barabarani, swali lake la kwanza ni kama kinaweza kuingia darasani. Alisimama kando ya ukuta wa jiko, mkoba begani, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha kidole kwenye basoni.

“Kesho kuya nayo ku masomo,” akasema.

Darasa la shangazi ni chumba cha matofali na mabati, madirisha yake hayana vioo, na watoto wamebanana kwenye madawati kiasi kwamba mmoja akiandika, jirani yake hutikisika. Wengine ni watoto wa mji. Wengine walifika na wazazi wao wakikimbia vita vijijini, wanaishi kambini au kwa jamaa, na wanavaa mashati meupe ya shule juu ya nguo zozote walizonazo. Nilikuwa nimeamua kuwashangaza. Niliunganisha basoni nje, chini ya baraza, nikaifunga mkanda, nikaingia nimeishika mbele yangu imelala mshazari, mdomo wake ukiwa juu ya bega langu.

Mtoto wa dawati la mbele alipiga kelele: “Roketi! Madamu, iko na roketi!”

Baadhi yao walicheka. Wengi hawakucheka. Niliyasikia madawati yakikwaruza sakafu, na mara nikaona migongo mahali palipokuwa na nyuso. Walikuwa wamelala chini, haraka, kimya, kila mmoja mahali pake, kama watu wanaofanya kazi waliyoizoea. Hakuna aliyelia. Nilisimama pale mlangoni na ala yangu ya muziki.

Shangazi hakupaza sauti. “Iweke chini,” aliniambia. “Na weye mwenyewe ikala chini.” Halafu akawageukia wao. “Bana yangu, amukeni polepole. Iko kitu ya muziki ile. Ni yangu, nimeiita mi mwenyewe.”

Niliilaza basoni sakafuni, nikakaa kando yake, miguu nimeinyoosha kama mama anayepembua mchele. Waliinuka mmoja mmoja. Walijipangusa vumbi magotini. Yule wa dawati la mbele aliona haya, akatazama dirishani. Ila msichana mmoja wa nyuma alibaki chini ya dawati lake, mikono imefunika masikio.

Shangazi alishangaa. Baadaye aliniambia kwamba yule ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote darasani, ndiye anayeanzisha wimbo asubuhi na kuwakemea wavulana wanaochelewa mstarini. Baba yake ni mtu wa Mahagi, mwendesha pikipiki. Walikuwa wakiishi kijiji cha mama yake mpaka siku walipolazimika kukimbia. Hapo, siku hiyo, nilichoona ni viatu viwili vya plastiki na macho.

Nilianza kuifungua basoni. Niliondoa kwanza kile kipande cha juu kabisa, kisha lile bomba refu, kisha lile fupi lililo kama bawa, nikawapa watoto wa karibu, nao wakapokezana kama wanaopokezana mtoto mchanga. Mwishoni kilibaki kitu kidogo kuliko vyote, ambacho ndicho chenye sauti: ulimi. Ni vipande viwili vya tete vilivyochongwa vyembamba kama karatasi, vikafungwa pamoja kwa waya na uzi. Nikauweka mdomoni peke yake, nikapuliza.

“Kwaaaa,” ulimi ukasema, kama bata anayelalamika.

Darasa zima likaangua kicheko, hata shangazi. Nikapuliza tena. Nikatambaa sakafuni mpaka karibu na dawati la nyuma, nikapuliza mara ya tatu, na kutoka chini ya dawati sauti ya ukali ikauliza:

“Iko bata?”

“Hapana. Ni majani ya mtoni, ya kukauka. Angalia.”

Akatoa mkono mmoja. Aliuangalia ule ulimi kwa muda mrefu, akaunusa. Nikaomba lile bomba refu, nikamkabidhi. Yeye hakulipokea kama wengine. Alilishika kwa mikono miwili, akaliweka jichoni, akachungulia upande huu hadi upande ule, akaligeuza, akachungulia tena. Nami nikashusha uso wangu upande wa pili wa bomba, jicho kwa jicho.

“Hamuna kitu ndani,” akasema.

“Hamna. Ni hewa tu.”

“Kweli?”

“Kweli. Puliza.”

Akapuliza ndani ya bomba, pumzi ikanigonga usoni, na hapo ndipo alipotoka chini ya dawati.

Niliiunganisha tena mbele ya macho yao, kipande kwa kipande, na kabla ya kila kipande walidai kuchungulia kwanza. Nilipomaliza, nilikaa kwenye kiti cha shangazi, nikavuta pumzi, nikatoa noti moja ya chini, laini, nikaiacha ikae. Chumba kilinyamaza. Si kimya cha watoto waliokemewa, ninakijua hicho. Kilikuwa kimya cha watu wanaosikiliza kwa ngozi. Mtoto mmoja aliyekuwa ameweka viganja juu ya dawati akaviinua ghafla, akavitazama, akaviweka tena.

“Meza inaongea,” akanong'ona.

Basi wote wakaweka viganja juu ya madawati. Wengine wakaweka mashavu. Nikapuliza noti ile ile tena na tena, na nilipotupa jicho nikamwona shangazi naye, mwanamke aliyefundisha miaka mingi kuliko umri wangu, ameweka kiganja juu ya ubao.

Baada ya siku hiyo hakukuwa na njia ya kukataa. Mama alipokuwa amekunywa dawa na jirani yetu amekuja kukaa naye, nilikwenda darasani saa ya mwisho ya masomo. Fanfari, ile bendi ya parokia, ilinikopesha klarineti yenye vifunguo viwili vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na filimbi moja ya madini. Niliwaeleza kwa namna ninavyoelewa mimi mwenyewe: hizi zote ni jamaa moja, zinatofautiana tu jinsi zinavyopokea pumzi. Filimbi haina ulimi. Pumzi inakatwa kwenye ukingo wa tundu, kama unavyopuliza mdomo wa chupa. Klarineti ina ulimi mmoja unaopigapiga kwenye mti. Basoni ina ndimi mbili zinazogongana zenyewe kwa zenyewe.

“Sawa watu wawili wanagombana,” akasema yule msichana, ambaye sasa alikuwa amehamia dawati la mbele bila kumwomba mtu ruhusa.

“Sawa watu wawili wanaongea,” shangazi akamrekebisha.

“Madamu, banagombana. Sikia.”

Walileta chupa za soda. Tulizitia maji, hii nyingi, hii kidogo, na kila moja ikawa na sauti yake. Walipogundua kwamba maji yakiongezeka sauti hupanda, walitazamana kama wezi waliokuta ghala wazi. Siku nzima walitaka kujua kama pipa nalo lingeimba, na tangi la maji la shule, na kisima. Wavulana wawili walikwenda kukijaribu, wakarudi wakiapa kwamba kimewajibu.

Lakini basoni yenyewe iliwashinda. Walitaka kuipuliza, na kila mmoja alipata zamu yake; tatizo lilikuwa vidole. Matundu yake yako mbalimbali, na vifunguo vya dole gumba vimejazana nyuma kama abiria kwenye lori. Hata mimi, na mikono yangu ya kukamulia, nilihangaika miaka. Mtoto wa darasa la tatu hafiki hata nusu yake. Walitoa noti moja, ile inayotoka bila kufunika tundu lolote, wakaridhika kwa siku mbili, kisha wakaanza kuitazama kama unavyotazama mlango uliofungwa.

Jumatatu moja nilipokaribia shule nilisikia kelele ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa kama kundi la mbuzi na honi za pikipiki vikibishana. Nilikuta watoto wote wako uwanjani, na kila mmoja ana bua bichi la jani la mpapai mdomoni. Nilikuwa nimesahau kabisa. Sisi nasi tulifanya hivyo tulipokuwa wadogo: unakata bua, unaacha upande wa jani ukiwa umezibwa, unalipasua kwa wembe mpasuo mmoja mwembamba, unaingiza sehemu hiyo yote mdomoni na kupuliza. Kingo za mpasuo zinatetemeka, na bua linalia. Utomvu wake mweupe huchoma midomo. Walikuwa wanatema mate, wanajifuta kwa nyasi, wanapuliza tena.

Shangazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. “Mipapai ya masista wa jirani imebaki uchi,” aliniambia. “Nitawaambia nini mi?”

Nilikuwa nacheka, lakini akili yangu ilikuwa imeanza kukimbia. Bua refu lilitoa sauti nzito, bua fupi sauti nyembamba, na ndani ya fujo ile nilikuwa nasikia ngazi nzima ya noti imetawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Nilichukua bua moja nikajaribu kutafuta noti nyingine kwa kulitoboa. Halikukubali. Bua lina neno lake moja tu. Nikamwambia shangazi kwamba ni bahati mbaya, kwa kuwa huwezi kupiga wimbo kwa noti moja.

Yule msichana alikuwa nyuma yangu. Alitoa bua lake mdomoni.

“Siye kwetu, Mahagi,” akasema, “mutu moja hapigake wimbo yote. Kila mutu iko na sauti yake. Moja tu. Anangojea fasi yake, anapuliza, ananyamaza. Mingine anapuliza.”

Nilimgeukia. Alikuwa anazungumzia zile baragumu za Waalur, agwara, ambazo baba yake alimpeleka kuzisikia kwenye sherehe ya ukoo: mabomba makubwa na madogo, wanaume wamejipanga, kila mmoja na noti yake, na ngoma chini yao. Mimi nilizaliwa mkoa huu. Nilikuwa nimezisikia nikiwa mtoto, tena zaidi ya mara moja, na nilikuwa nimepita shule zote zile na okestra zote zile bila kukumbuka kwamba zipo.

“Unaweza kutupanga?” nikamuuliza.

Hilo halikuhitaji kuulizwa. Aliwapanga si kwa urefu wa watoto bali kwa urefu wa mabua, kwa hiyo mtoto mdogo kuliko wote alijikuta mwishoni akiwa ameshika bua kubwa kama mkono wake. Walichagua wimbo wao wa kuingilia darasani baada ya mapumziko, ambao kila mtoto pale aliujua kama jina lake. Msichana alisimama mbele na kijiti. Alimnyooshea huyu, kisha yule, kisha yule. Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mara ya pili walicheka mpaka wakashindwa kupuliza. Mabua yalinyauka, yakakatwa mengine. Sauti zilibadilika, akawapanga upya bila kuchoka, akiwafokea kwa majina ambayo shangazi alijifanya hakuyasikia.

Ilichukua siku kadhaa. Kisha adhuhuri moja, jua likiwa kali na vumbi la pikipiki limetanda barabarani, alinyoosha kijiti na ule wimbo ukatoka. Ulitoka mzima. Nilikuwa nimesimama ubavuni na niliwaona wazi: hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa anaupiga. Kila mmoja alikuwa anangoja, macho yametoka, anapuliza pumzi moja, ananyamaza. Na bado wimbo ulikuwa unatembea hewani, kutoka kinywa hadi kinywa, na hakuna aliyekuwa ameushika. Nimekaa katikati ya okestra kubwa, nimevaa nguo nyeusi mbele ya watu wenye vyeo, na sijawahi kusikia kitu kilichonifanya nijione mdogo namna ile.

Nje ya ua wa shule mwendesha pikipiki alisimama akazima injini. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na mabeseni ya samaki wa ziwani, wa Kasenyi, waliyashusha vichwani. Walipomaliza watoto, mmoja wa wale wanawake aliuliza juu ya ua, “Nani anawafundisha ile?” Shangazi alinitazama, mimi nikamtazama msichana, na msichana akamjibu yule mama, “Siye.”

Nilidhani hicho ndicho kilele chetu. Lakini siku iliyofuata, mvua ilipokuwa imekatika na mabati yanadondosha matone, msichana alikuja mpaka mezani nilipoilaza basoni, akaigusa kwa kidole.

“Na hii tuipige vile vile. Siye wengi.”

“Hii ni ya mtu mmoja,” nikasema.

“Juu ya nini?”

Nikaitazama basoni, nikavitazama vidole vyake, nikamwambia achague wenzake watatu.

Kwa hiyo tukafanya. Niliisimamisha basoni wima, nikaubeba uzito wake. Yeye alisimama mbele ya ulimi kwa sababu ndiye mwenye mapafu. Mtoto mmoja alifunika matundu ya juu kwa vidole vya mikono miwili, mwingine akapiga magoti kufunika ya chini, na wa tatu akapewa kazi ngumu kuliko zote: kubana vile vifunguo vya nyuma ambavyo mtu mzima huvibana kwa dole gumba, vyote kwa pamoja. Walijikunja kuizunguka kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Nikawaambia tutatafuta noti ya chini kabisa, ile ambayo kila tundu lazima lizibwe. Likivuja moja tu, haitoki.

Ilivuja. Ikapiga kelele kama mlango wenye kutu. Darasa likacheka, wale wanne hawakucheka. Tukarekebisha kidole. Ikavuja tena. Mwenye matundu ya chini alisema mkono wake una jasho, akaufuta kwenye kaptula, akarudi. Shangazi alikuja akapiga magoti nao, akaweka kidole chake juu ya kidole cha mtoto na kukibonyeza.

“Midomo ilegee,” nikamwambia msichana. “Usisukume. Pumua tu, kama unapashia mikono joto.”

Akafumba macho. Akapumua.

Ilitoka pole pole, kwanza kama hewa, kisha kama mtu anayesafisha koo chumba cha pili. Halafu ikafunguka. Noti ile ni ya chini mno hata huwezi kuiita sauti. Ni kama sakafu imepata pumzi. Kikombe cha bati chenye chaki juu ya meza ya shangazi kilianza kulia kwa sauti yake nyembamba. Niliisikia kwenye viganja vyangu, kwenye magoti, kwenye meno. Nilikuwa nimeipiga noti hiyo mara nyingi sana maishani, lakini sikuwahi kuwa nje yake. Sikuwahi kusimama mahali inapofika. Nilimtazama yule msichana, shingo imetuna, mashavu yametulia kama nilivyomwambia, na wenzake wamemzunguka hawathubutu kusogeza hata kope, na shangazi yangu amepiga magoti na sketi yake nzuri kwenye vumbi la chaki, na machozi yakanitoka bila kuniomba.

Pumzi ilimwishia. Kikombe kikanyamaza. Matone ya bati yakasikika tena nje.

Hakuna aliyepiga makofi. Wale wa nyuma walikuwa wamesimama juu ya madawati, na shangazi, ambaye hajawahi kuruhusu jambo kama hilo, hakuwaona. Msichana alifumbua macho akajitazama kifua, kama mtu anayetafuta mahali kitu kilipotokea.

“Mi ndiye nimefanya ile?” akauliza.

“Weye,” shangazi akasema kutoka sakafuni. “Na hawa.”

“Tena,” akasema.

Tulifanya tena, na tena, mpaka kila mtoto wa darasa lile alikuwa ameshika kitu fulani, au tundu, au kifunguo, au amepuliza. Kengele ya kutoka ililia ikaisha. Wazazi walianza kuja mlangoni kuuliza kulikoni, nao wakabaki.

Mama alianza kutembea na gongo mwezi huo. Niliwapigia simu wenzangu wa okestra kuwaambia nitarudi. Nikasikia mdomo wangu unawaambia nitarudi mwaka wa shule ukiisha. Walinung'unika, wakatafuta mtu mwingine wa kukaa katikati. Mama aliposikia, aliomba kiti chake kihamishiwe nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jiko.

Mwisho wa mwaka wa shule baba wa yule msichana aliamua kuirudisha familia kwao Mahagi, ambako ndugu zake walikuwa wamempa shamba. Nilikwenda kuwaaga mahali malori yanapopakia. Yeye alikuwa tayari juu ya magunia, anawapanga wadogo zake nani akae wapi. Aliponiona aliteremka. Nilimwambia asome vizuri, kama watu wazima wote wanavyosema.

Hakulijali hilo. Alikuwa na swali.

“Madamu, ule muti ya basoni ulitoka wapi?”

“Mbali sana. Ulaya, mlimani, kwenye baridi.”

“Na ukafika mpaka hapa Bunia.”

“Ukafika.”

Alifikiri. Dereva alikuwa amewasha injini, na baba yake alikuwa anamwita.

“Umetembea sana, ule muti,” akasema, kwa heshima, kama anavyosema mtu akimpokea mgeni aliyefika jioni. Kisha akapanda juu ya magunia. Lori likashika barabara ya Mahagi, nami nikasimama pale mpaka vumbi likatulia, nikarudi mjini kwa miguu.